Msaidizi wa Simu Akikosea Saa, Pima Pengo Kwanza: Mwongozo kwa Watumiaji wa Kigoma na Tabora

Msaidizi wa kidijitali, yaani programu unayoiagiza kwa sauti au maandishi kama Siri au Gemini, akikosea, wengi hukimbilia kuifuta programu na kuipakua upya. Bando linaisha, tatizo linabaki palepale. Kabla hujagusa kitu, jiulize: amekosea kwa muda gani? Kwenye mambo ya ratiba, ukubwa wa pengo ndio unaoutaja ugonjwa.

Pengo la saa sita kamili linatokana na lugha. La saa kumi na mbili ni AM na PM. La saa moja ni mnara wa nchi jirani, au Ulaya wamesogeza saa zao. La saa tatu au tano ni saa za eneo zilizowekwa vibaya. Dakika 40 hivi, simu inadhani uko Dar es Salaam. Siku nzima, mmepishana kuhusu usiku unaanza lini. Pengo lisilo na mpangilio, leo dakika saba kesho dakika hamsini, ni betri. Na kama hakikulia kabisa, ama ruhusa imekosekana ama kikumbusho hakikuwahi kuwekwa.

Majina ya menyu yanatofautiana kati ya Tecno, Infinix, itel, Samsung na iPhone, na simu nyingi huku zimeachwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hapa tunaeleza kazi ya kila kitufe. Jina lake utalikuta kwenye simu yako.

Saa sita kamili

Hili ndilo linaloongoza, na simu haina kosa. Sisi tunahesabu saa tangu kunapopambazuka, mashine inahesabu tangu katikati ya usiku. Mfanyabiashara wa Kibirizi anaiambia simu: "Nikumbushe kesho saa tatu asubuhi nipeleke mzigo wa dagaa stesheni." Simu inajibu kwa adabu zote kwamba imeweka, na chini yake, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, pameandikwa 3:00 AM. Saa tisa usiku nyumba nzima inaamshwa. Saa tatu asubuhi, mzigo unatakiwa stesheni, simu kimya.

Mratibu wa Google (Google Assistant) na Siri hawapokei amri kwa Kiswahili, kwa hiyo anayewatumia anajikuta anatafsiri kichwani, na "saa tatu" inatoka "three". Gemini na ChatGPT wanaelewa Kiswahili, lakini hapo ndipo pana mtego mbaya zaidi: mara wanageuza saa vizuri, mara hawageuzi, wakati mwingine ndani ya mazungumzo yaleyale. Anayekosea kila siku unamzoea. Anayekosea siku moja kati ya nne ndiye anayekukosesha gari.

Dawa ni kumpa saa kwa mtindo wa saa 24, tena namba moja tu. Kanuni ni tatu:

- Saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni: ongeza 6. Saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 9 alasiri ni 15:00, saa 12 jioni ni 18:00.
- Saa 1 usiku hadi saa 5 usiku: ongeza 18. Saa 2 usiku ni 20:00.
- Saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi: toa 6. Saa 6 usiku ni 00:00, saa 10 alfajiri ni 04:00, saa 12 asubuhi ni 06:00.

Asiyependa hesabu aangalie saa ya mishale: namba ya Kiswahili iko upande wa pili kabisa wa namba ya Kizungu. Tatu inatazamana na tisa, nne na kumi.

Usiseme "saa tatu asubuhi, yaani saa tisa ya Kizungu". Ukimpa namba mbili atachagua moja, na huna uhakika ni ipi. Sema "kesho 09:00", basi.

Kama msaidizi wako ana sehemu ya kuhifadhi maelekezo ya kudumu, andika humo: "Nikitaja saa kwa Kiswahili, saa 1 asubuhi ni 07:00 na saa 1 usiku ni 19:00. Kabla ya kuhifadhi, nirudishie saa kwa mtindo wa saa 24 na tarehe kamili." Inasaidia sana, lakini usiitegemee kwa asilimia mia, maana mazungumzo marefu humsahaulisha.

Kwa dawa za hospitali tuna msimamo mmoja tu: usipitie kwa msaidizi. Dozi ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku weka kwa mkono kwenye kengele ya kawaida ya simu, 08:00 na 20:00, irudie kila siku. Kengele ya simu haihitaji bando wala mnara.

Pengo la saa kumi na mbili ni ndugu wa hili la saa sita. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa muundo wa saa 24. Limekwisha.

Siku nzima

Mashine hubadilisha tarehe saa sita usiku. Mtu wa kawaida anaona siku mpya imeanza kunapokucha, na kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo Ujiji bado ina nguvu, siku inaanza jua likizama: "usiku wa Ijumaa" kwa wazee ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi usiku. Mwambie msaidizi "hitima ni usiku wa Ijumaa" naye ataiweka Ijumaa saa mbili usiku, watu wameshatawanyika tangu jana yake.

Basi la alfajiri lina mtego huohuo. Unasafiri "Jumapili saa kumi usiku". Je, ni 04:00 ya Jumapili au ya Jumatatu? Abiria anajua anachomaanisha, simu inabahatisha. Taja tarehe: "tarehe 14, 04:00". Vilevile epuka "mtondo" na "mtondogoo". "Keshokutwa" wanaielewa mara nyingi, lakini zaidi ya hapo wanaokoteza. Tarehe haina lahaja.

Saa moja

Hapa Kigoma ina ugonjwa ambao mtu wa Morogoro hataujua. Burundi yote na mashariki yote ya Kongo wako saa moja nyuma yetu. Simu nyingi zimewekwa zichukue saa kutoka mtandaoni, yaani kutoka kwenye mnara. Ukiwa Kagunga, Manyovu au vijiji vya mpakani upande wa Kibondo, simu usiku hukamata mnara wa ng'ambo ukiwa na nguvu kuliko wa kwetu, na saa inarudi nyuma bila kukuuliza. Dalili zake ni herufi R karibu na alama ya mtandao, ujumbe wa kukukaribisha nchi ya watu, na salio kuyeyuka.

Kengele na miadi ya kalenda havikosei kwa namna moja hapa, na tofauti hiyo ndiyo inayokupa uhakika wa chanzo. Kengele inafuata saa inayoonekana kwenye kioo. Uliiweka 06:00, simu ikahamia saa za Burundi, italia 06:00 ya Burundi, ambayo kwako ni 07:00. Umechelewa saa nzima. Miadi iliyoko kwenye kalenda inafuata wakati halisi: itakukumbusha kwa wakati, ila kwenye kioo itasomeka saa moja pungufu. Kwa hiyo kengele ikichelewa huku miadi ikilia sawasawa, usihangaike na programu. Ni saa za eneo. Hatari inayobaki ni miadi uliyoiandika wakati simu iko kwenye saa za jirani. Hiyo itakaa na kosa lake hata ukirudi Kigoma mjini, na huna budi kuifungua na kuisahihisha kwa mkono.

Kurekebisha: ingia kwenye tarehe na saa, zima kipengele cha kuchukua saa za eneo kutoka mtandaoni, kisha chagua mwenyewe Dar es Salaam, GMT+03:00. Acha saa yenyewe ijirekebishe. Unachozima ni eneo tu. Kisha nenda kwenye mipangilio ya laini, zima utafutaji wa mtandao wa kujiendesha, na umchague mtoa huduma wako wa Tanzania. Mtego wa hatua hii ya pili ni kwamba mnara wako ukikata, simu haitatafuta mwingine, itakaa bila mtandao mpaka urudi. Anayevuka kwenda Bujumbura kila wiki arudishe kila kitu kwenye kujiendesha, la sivyo atafika huko akiwa mbele ya wenzake kwa saa moja. Simu za Android za miaka ya karibuni zina chaguo la kupata saa za eneo kwa GPS badala ya mnara. Kama yako inalo na unaishi mpakani, liwashe. Satelaiti haichanganyi Manyovu na Burundi.

Sababu ya pili ya saa moja haihusiani na mpaka. Mashirika yanayofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu yana vikao vya mtandaoni na Ulaya. Ulaya husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Tanzania haisogezi. Kikao cha saa 10:00 za Geneva kinaangukia 12:00 kwetu wakati wa baridi yao, na 11:00 wakati wa kiangazi chao. Ukiona kikao cha kila wiki kimehama ghafla mwishoni mwa Machi, simu iko sahihi, usiiguse. Anayepotea ni yule aliyekiandika kwa mkono kama "kila Jumanne 12:00". Mwombe mwenye kikao akutumie mwaliko wenyewe, kitahama chenyewe.

Saa tatu, saa tano

Pengo la saa tatu: tukio limehifadhiwa kwa saa za Greenwich. Hutokea ukipakia ratiba kutoka kwenye faili, au akaunti ya kalenda ilipofunguliwa kwenye kompyuta isiyowekwa eneo. Fungua Google Calendar kwenye kivinjari, ingia mipangilio, tafuta saa za eneo, weka Afrika Mashariki.

Saa tano ni saa za China, na huonekana kwenye simu ambazo muuzaji aliirekebisha saa kwa mkono bila kugusa eneo. Ukitazama kioo, saa iko sawa kabisa na ya jirani yako. Lakini ndani simu inaamini uko China, hivyo kikao cha 10:00 ulichoalikwa kinasomeka 15:00. Chagua Dar es Salaam kwanza, ndipo uangalie kama saa yenyewe bado ni sahihi. Ukifanya kinyume chake utazunguka siku nzima.

Dakika 40 hivi

Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halifuati serikali. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Jua linazama Kigoma karibu dakika 40 baada ya Dar, na Tabora dakika 26 hivi baada ya Dar. Dakika chache huongezeka au hupungua kwa majira.

Programu ya vipindi vya swala iliyobaki kwenye Dar es Salaam itaadhini magharibi huku jua la Ujiji bado linaonekana juu ya ziwa. Ramadhani hilo si dogo: mtu anafungua wakati futari haijafika. Alfajiri ni hivyohivyo, anaacha daku mapema bila sababu. Fungua programu, angalia jina la mji juu ya ratiba. Kama pameandikwa Dar es Salaam, ruhusu mahali sahihi, au chagua Kigoma au Tabora kwa mkono, ambalo ndilo tunalolipendekeza, maana halibadiliki GPS ikizimwa.

Kisa chake ni kwamba data ya simu mara nyingi huingia intaneti kupitia mitambo iliyoko Dar. Programu isiyoruhusiwa kusoma GPS inakisia mahali ulipo kwa anwani ya mtandao, na anwani inasema Dar. Chanzo hichohicho kinaharibu pia hali ya hewa na mapendekezo ya migahawa, tutayarudia chini.

Kimechelewa, au hakikulia

Sasa tuko kwenye betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuguswa huingia usingizini na kuzizuia programu zisifanye kazi kwa nyuma. Watengenezaji wa simu za bei nafuu wameongeza ukali wao juu yake ili chaji idumu. Ni jambo jema kwenye kijiji cha umeme wa sola, ila kikumbusho ndicho kinacholipa gharama.

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Ruhusa ya arifa. Kuanzia Android 13 programu haiwezi kuonyesha arifa mpaka uiruhusu. Wengi waligusa "kataa" siku ya kwanza wakasahau.
2. Ruhusa ya kengele na vikumbusho. Ipo kwenye orodha ya ruhusa maalumu za programu. Kwenye Android 14, programu nyingi za vikumbusho zinazopakuliwa upya hazipewi ruhusa hii mpaka uiwashe. Bila hiyo hulia kwa kukadiria.
3. Betri. Fungua maelezo ya programu husika, gusa betri, iruhusu itumie bila kizuizi. Fanya hivyo kwa kalenda, kwa programu ya kazi na kwa msaidizi mwenyewe. Usiifanyie kila programu, chaji haitafika jioni.
4. Kujiwasha. Tecno na Infinix wana programu yao ya usimamizi, Phone Master. Humo mna orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha. Samsung wana orodha ya programu zilizolazwa, chini ya mipangilio ya betri; itoe kalenda humo.
5. Orodha ya programu za karibuni. Ukiwa na mazoea ya kugusa "funga zote", kwenye baadhi ya simu unaviua na vikumbusho vyote. Shikilia picha ya kalenda kwenye orodha hiyo, gusa alama ya kufuli.
6. Hali ya kutosumbuliwa na ratiba ya kulala. Angalia kama inajiwasha saa fulani bila wewe kujua.

Kisha pima. Weka kikumbusho cha dakika tano, funga kioo, weka simu mezani. Kikilia, hujamaliza, kwa sababu dakika tano simu haijalala bado. Weka kingine cha dakika 90, simu isiguswe wala isichajiwe. Kikilia hicho kwa wakati, umepona. Kikichelewa, rudi hatua ya tatu na ya nne.

Na simu iliyozimika chaji haina msaidizi. Kwa safari ya alfajiri, kengele ya pili kwenye simu ya jirani bado ni teknolojia nzuri.

Anasema "nimeweka", kumbe hakuna kitu

Msaidizi wa kuzungumza ni fundi wa maneno. Akiwa hajaunganishwa na kalenda yako, anaweza kujibu "sawa, nitakukumbusha" kwa sababu ndivyo jibu la sentensi yako linavyotarajiwa kusikika. Hajaweka chochote popote.

Kwa hiyo fungua kalenda yenyewe kila mara, utazame siku ile. Usipokiona humo, hakipo. Kama unatumia Gemini, ingia kwenye mipangilio yake utazame kama imeunganishwa na kalenda na kazi zako za Google, kwa akaunti ileile iliyo kwenye simu. Kumbuka pia kwamba mwaka 2023 Google ilihamisha vikumbusho vya Mratibu na vya kalenda kwenda kwenye programu yake ya kazi, Google Tasks. Anayevitafuta vilipokuwa zamani hataviona. Apakue Tasks na kuiruhusu itoe arifa.

Bando nalo lina mkono hapa. Amri ya sauti mara nyingi inahitaji intaneti. Ukiagiza ukiwa kwenye treni kati ya Kaliua na Uvinza, pale mtandao unapokuja na kuondoka, ombi linaweza kukatikia njiani. Kikumbusho ulichoandika kwenye kompyuta ya ofisi nacho hakifiki kwenye simu mpaka data iwake na usawazishaji uwe umeruhusiwa. Washa data dakika mbili usiku kabla ya kulala, fungua kalenda, vuta kioo chini ijisasishe. MB zinazotumika ni kidogo mno.

Miadi ya mtu usiyemjua

Ukiona kwenye simu yako harusi ya Urambo usiyoalikwa, au namba za watu usiowajua, usidhani umeibiwa. Simu iliponunuliwa, aliyeiwasha dukani aliweka akaunti yake ya Gmail ili mambo yaende haraka, na akaunti hiyohiyo iko kwenye simu nyingine nyingi. Kalenda zenu ni moja. Anachoandika mmoja wanakiona wote, pamoja na chako.

Hapa usikimbilie kuiondoa. Majina yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ile yatatoweka simuni nayo. Anza kwa kuyatoa majina yako kama faili la vcf kwenye kadi ya kumbukumbu. Fungua akaunti yako mwenyewe, andika nywila kwenye daftari la nyumbani. Rudisha majina kwenye akaunti mpya, fanya akaunti mpya iwe ndiyo ya kuhifadhia kalenda, ndipo uondoe ile ya dukani. Na usiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani kwa njia ya vitufe kabla ya kuitoa: ikiwaka itadai nywila ya akaunti ya zamani, na asiyeijua atabaki na kioo kilichofungwa.

Mapendekezo yasiyo na kichwa

Umeuliza mgahawa wa karibu ukiwa Tabora mjini, umepewa wa Sinza. Ni ile anwani ya mtandao tena. Ruhusu mahali sahihi, si pa kukadiria. Lakini kuna kosa la majina ambalo ruhusa haitalitibu. Uliza njia ya "Mwanga" ukiwa Kigoma, unaweza kupelekwa Mwanga ya Kilimanjaro, ambayo ni wilaya nzima na ina kurasa nyingi zaidi mtandaoni. Uliza "Ng'ambo" ukiwa Tabora, unapelekwa Unguja. Msaidizi anapendelea jina lenye maandishi mengi. Andika "Mwanga, Kigoma Ujiji" au "Ng'ambo, Tabora Manispaa", au bora zaidi shikilia kidole mahali penyewe kwenye ramani na uhifadhi alama. Vibanda na stoo visivyo na mtaa wala namba vina msimbo wa mahali kwenye Google Maps, ule wenye alama ya kujumlisha; huo ndio umtumie bodaboda.

Ratiba za vyombo vya usafiri usimuulize kabisa. Kurasa za zamani kuhusu MV Liemba zimejaa mtandaoni, nyingine za wasafiri wa miaka kumi na zaidi iliyopita, na msaidizi atakusomea siku na saa ya kuondoka kwa uhakika wa karani wa bandari. Piga simu bandarini au stesheni. Upepo wa ziwani vivyo hivyo: tahadhari zinatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na alama ya jua kwenye kioo cha simu haijui mawimbi ya Gombe.

Mapendekezo yakiwa ya katuni na muziki usioupenda, simu inashikwa na watoto. Weka wasifu wa pili kwa ajili yao, au futa historia ya siku zile tu.

Ratiba inayofuata mwezi

Kosa hili linawapata wenye dagaa peke yao, na hakuna msaidizi anayeligundua. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika. Mfanyabiashara anaweka "nikumbushe kila mwezi kuandaa magunia", na miezi miwili ya kwanza mambo ni mazuri. Kufikia mwezi wa sita kikumbusho kimepotea kwa siku tano au sita. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa kalenda 30 au 31, ukiacha Februari. Kila wiki nne nayo haifai, ni siku 28.

Weka vikumbusho viwili. Cha kwanza kianze siku unayoitaka, kwa mfano siku ya tano baada ya mbalamwezi pevu, kirudie kila siku 59. Cha pili kianze siku 30 baada ya cha kwanza, nacho kirudie kila siku 59. Siku 59 ni miezi miwili ya angani karibu kamili, na kwa mwaka mzima mpango huu haupotei hata nusu siku. Kwenye kalenda ni chaguo la marudio maalumu. Usimwagize msaidizi kwa sauti, andika mwenyewe.

Kuna na njia ya kuona kwa macho: ukifungua Google Calendar kwenye kompyuta, sehemu ya kuongeza kalenda nyingine, ipo kalenda ya awamu za mwezi. Iweke alama, kisha kwenye simu ifungulie usawazishaji, nayo itakuonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo kwenye tarehe zake. Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, usifute vikumbusho. Fungua kila kimoja kinachoangukia humo, futa hicho tu bila kugusa vinavyofuata, ili hesabu ya siku 59 isikatike.